Kwa mawakili vijana mnaoandika mikataba ya nje: makao ya usuluhishi si anwani ya hoteli

Wanangu, salaam.

Kifungu cha usuluhishi mnakiacha mwisho, kila mtu kachoka, kisha mnakinakili kutoka mkataba wa zamani. Humo ndimo mnamochagua, bila kujua, nadharia ya wapi tuzo, yaani uamuzi wa msuluhishi, hupata nguvu. Wanaosema msuluhishi hupewa nguvu na dola huona tuzo ni mali ya nchi ilikotolewa: mahakama za huko zikiitengua, imekufa. Wanaosema nguvu hutoka kwenye makubaliano hawakubali. Wengi wetu ni wa mseto: makubaliano humweka msuluhishi kitini, sheria huipa tuzo meno. Wafaransa wamevuka hapo.

Tazameni kesi ya Putrabali. Kampuni ya Indonesia iliiuzia kampuni ya Ufaransa pilipili manga nyeupe. Meli ikazama, mnunuzi akakataa kulipa. Mwaka 2001 wasuluhishi wa London wakampa haki mnunuzi. Muuzaji akaenda Mahakama Kuu ya Uingereza kwa hoja ya sheria, tuzo ikatenguliwa kwa sehemu, na mwaka 2003 ikatoka ya pili: mnunuzi alipe zaidi ya euro 163,000. Mnunuzi akaibeba ile ya kwanza akaikazie Ufaransa, yaani aombe mahakama za huko ziitekeleze. Tarehe 29 Juni 2007 mahakama ya juu ya huko ikamkubalia, kwamba tuzo ya kimataifa haifungwi na mfumo wa sheria wa nchi yoyote. Shehena moja, tuzo mbili zinazopingana!

Mlango aliopitia muuzaji ulikuwa kifungu cha 69 cha Sheria ya Usuluhishi ya Uingereza ya 1996, kinachoruhusu rufaa ya hoja ya sheria msipokiondoa. Kiondoeni kwa sentensi moja, au tumieni kanuni za ICC (Chemba ya Kimataifa ya Biashara) au LCIA (Mahakama ya Usuluhishi wa Kimataifa ya London), ambazo zimekwisha kuiondoa rufaa hiyo.

Andikeni "makao ya usuluhishi", yaani nchi ambayo sheria na mahakama zake husimamia usuluhishi, si "vikao vitafanyika". Kikao chaweza kuwa Dubai na makao yakabaki Nairobi. Tajeni pia sheria inayotawala kifungu chenyewe. Mkinyamaza, sheria mpya ya Uingereza ya 2025 huchukua ile ya makao.

Kisha hesabuni siku. Kenya, ombi la kutengua tuzo lina miezi mitatu tangu mhusika aipokee. Uingereza ni siku 28 tangu tarehe ya tuzo yenyewe, nao wasuluhishi wana haki ya kuizuia mpaka ada zao zilipwe. Mteja akivuta miguu kulipa, siku zinakwisha tuzo ingali kwenye bahasha yao.