Wiki ya mitihani tuwaache watoto walale

NDUGU Mhariri,

Naomba nafasi niwaombe wenzangu wa mitaani jambo moja kabla Novemba haijafika: tuwaachie watahiniwa usiku wao.

Mimi ni fundi cherehani, Gongo la Mboto. Mwaka jana binti yangu alifanya mtihani wa kidato cha nne. Usiku wa kuamkia karatasi ya kwanza, nyumba ya tatu kutoka kwetu walikuwa wanamtoa mwali. Spika mbili kubwa kama makabati zilielekezwa barabarani. Bati letu lilitetemeka, hata sindano zangu ndani ya kopo zikawa zinalia. Mtoto alijiziba masikio kwa pamba, akahamia jikoni, akarudi, mwisho akaangua kilio. Saa sita na nusu nikaenda kuomba wapunguze. Mwenye shughuli, kwa upole kabisa, akanionyesha kibali chenye mhuri wa serikali ya mtaa. Mwisho ulioandikwa ni saa sita usiku. Muziki ulizimwa saa tisa. Saa kumi na moja alfajiri binti yangu alikuwa kituoni kugombea daladala, maana mtihani huanza saa mbili na makonda wengi wakiona sare ya shule hufunga mlango.

Lakini simtupii jirani lawama zote. Mimi mwenyewe nilimkosesha mtoto usingizi. Enzi zetu tulisoma miguu ikiwa kwenye beseni la maji baridi ili tusisinzie, basi nami nikamtengea beseni. Nikakesha naye, mimi kwenye cherehani, yeye mezani, hadi saa nane usiku, nikiamini ndiyo malezi. Siku ya Hesabu alirudi kimya. Akaweka begi chini, akaniambia, "Baba, swali nililijua. Nimelisoma mara nne, namba zikawa zinakimbia." Karatasi yenyewe ni ya muda wa saa tatu, na alikuwa amesinzia mpaka msimamizi akamgongea dawati.

Jioni hiyo maji ya beseni niliyamwaga uani. Kuanzia hapo ikifika saa tatu usiku madaftari yanafungwa, anakula ugali na dagaa, analala. Mama mmoja mwenye genge jirani yetu alizima redio yake wiki nzima bila kuombwa na mtu. Mungu ambariki. Karatasi zilizobaki mtoto alirudi akizisimulia tangu mlangoni.

Baraza la Mitihani hutoa ratiba mapema, na kila mwaka tunajua Septemba ni darasa la saba, Novemba ni kidato cha nne. Ombi langu ni kwamba ofisi za serikali za mitaa ziibandike ratiba hiyo pale pale mezani panapogongwa mihuri ya vibali. Wiki za mitihani muziki uishie saa tatu usiku, na mjumbe apite kuhakikisha. Kanuni za kudhibiti kelele zipo tangu 2015, hakuna haja ya kusubiri sheria mpya. Sherehe ya mwali inasogezwa mbele wiki mbili na pilau likaliwa vilevile. Mtihani wa taifa hausogezwi kwa sababu mtoto wa fundi hakulala.

Mwaka huu ni zamu ya mdogo wake. Nimeshawafuata majirani watatu wenye spika. Wawili tumekubaliana, wa tatu nitamrudia Jumapili.

Mzazi na fundi cherehani,
Gongo la Mboto, Dar es Salaam