Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025: Baraza la Afya na Yaliyotokana Nalo

Ndugu wanachama, wazee wetu, mama zetu na vijana,

Hesabu za chama atawasomea mweka hazina. Paa la ofisi limezibwa, halivuji tena, na fundi amelipwa. Taa za vichochoro bado tunaidai kaunti. Nafasi iliyobaki nitaitumia kwa baraza la afya, yaani mkutano wetu kuhusu bima mpya ya afya ya serikali, kwa sababu ndilo lililozua maneno mengi kabla halijafanyika na ndilo lililotuongezea kazi.

Mnakumbuka hali ilivyokuwa. SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii inayosimamia bima hiyo, ilianza tarehe 1 Oktoba 2024 ikachukua mahali pa NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya hospitali uliokuwapo tangu 1966. Miezi michache kabla, Mahakama Kuu ilikuwa imezibatilisha sheria zake, mojawapo ya sababu ikiwa wananchi hawakushirikishwa vya kutosha; kisha Mahakama ya Rufaa ikaruhusu mpango uendelee. Hapa Mji wa Kale kila penye buli la kahawa pakawa na kesi yake. Februari 2025, baadhi ya hospitali za kibinafsi zilipositisha huduma za SHA kwa kudai malimbikizo ya madeni, hata waliokuwa kimya wakaanza kurushiana maneno.

Baadhi yenu mlitaka tusiitishe baraza. Mlisema siasa ikiingia ukumbini chama kitavunjika. Hofu hiyo haikuwa ya bure, na ndiyo iliyotufanya tuweke masharti mapema: hakuna kutaja mwanasiasa wala chama cha siasa, kila mtu dakika tatu, na anayesema “watu wanasema” atueleze ni nani huyo, au aseme ni yeye mwenyewe. Kengele ya madrasa tulimkabidhi binti wa kidato cha tatu. Hakumwonea haya mtu. Mimi mwenyewe alinikatiza nikiwa bado kwenye shukrani.

Sharti la tatu lilifanya kazi kuliko mawili ya kwanza. Mtu akishalazimika kusema lake, sauti hushuka. Mfanyakazi wa bandarini anayelipwa 100,000 kwa mwezi alilalamika kwamba NHIF ilimkata 1,700 na sasa anakatwa 2,750, yaani asilimia 2.75 bila kikomo. Mlinzi aliyekaa safu ya nyuma akainuka: yeye hulipwa 20,000, zamani alikatwa 750 na sasa 550. Wote wawili walisema kweli. Walibaki wakitazamana, kisha yule wa bandarini akasema haoni uchungu kumbebea mwenzake mzigo, uchungu wake ni kukatwa halafu akifika hospitali aambiwe mtambo umelala. Naona hilo ndilo lalamiko lenye haki zaidi nililolisikia siku ile, na katika barua tuliyoiandikia kaunti tuliliweka mbele.

Kwa wasio na mwajiri habari ni nyingine. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, lakini hulipwa mwaka mzima kwa mkupuo, yaani 3,600. Dereva wa tuktuk akatwambia, “Kumi ya leo ninayo. Elfu tatu na mia sita ya leo sina.” Ukumbi ulicheka, ila ukipiga hesabu, shilingi kumi kwa siku inatimiza deni la mwaka na inabaki hamsini. Shida haikuwa bei. Shida ilikuwa namna ya kulipa, na mpango wa serikali wa kulipa pole pole wengi walikuwa hawajausikia.

Halafu kuna upimaji wa uwezo, yale maswali ya kuta, paa, maji na kuni yanayopanga mchango wa asiye na mwajiri. Mama mmoja mjane anaishi katika nyumba ya mawe ya urithi, yenye mlango wa nakshi na warithi wasiohesabika. Hana kipato zaidi ya mahamri anayokaanga alfajiri. Alijibu maswali kwa ukweli, akaletewa kiwango kikubwa kuliko cha jirani yake anayepanga chumba na ana mshahara. Alitusomea ule ujumbe kwenye simu, akaivua miwani, akauliza, “Niuze ukuta?” Hapakuwa na aliyemjibu. Tumemsaidia kuomba apimwe upya, na mpaka naandika haya jibu halijaja.

Nilishangaa pia jinsi wengi tusivyojua tulicho nacho. Zahanati na vituo vya afya vya serikali, ngazi ya pili na ya tatu, hulipiwa na mfuko wa huduma za msingi kutokana na kodi. Ukishajiandikisha unatibiwa hata kama hujalipa mchango. Na Katiba, kifungu cha 43, inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Kwa upande mwingine, mchango wako unamfunika mke au mume na watoto tu. Mama mzazi unayelala naye nyumba moja lazima ajiandikishe na kulipa kivyake. Kwa nyumba zetu zilivyo, hili litauma.

Kamati ilikaa baada ya baraza na kukubaliana mambo mawili. Kwanza, tunafungua daftari la akiba ya SHA: mwanachama anaweka kumi kwa siku au sabini kwa wiki, na mwaka ukitimia chama kinamlipia kwa jina lake. Fedha hizo hazitachanganywa na ada, wala hazikopeshwi, hata kwa mwenyekiti. Pili, michango ya bili za hospitali itaendelea kama kawaida, maana daftari halitamfaa aliyelazwa leo.

Daftari litakuwa kwa katibu kila Jumamosi baada ya Alasiri. Njoo na kitambulisho na namba ya simu uliyojiandikishia SHA. Anayeweka akiba kwa ajili ya mzazi aje na kitambulisho cha mzazi pia.

Mwenyekiti