Uzi Yako Si Feki, Ni Vile Umeifunga

Wiki iliyopita mzee mmoja anavuanga samaki kule Dunga, ufuo wa Ziwa Victoria huko Kisumu, aliingia duka letu la vifaa vya kuvua na rili yake, kile kigurudumu cha kukunjia uzi, kwa mfuko, akaiweka kwa kaunta akaniambia, kijana, hii uzi mliniuzia ni feki, imejisokota yote. Nikachomoa kama mita moja, nikashika huku na huku, nikasongesha mikono karibu, na kweli uzi ikajiviringa yenyewe mara tatu nne. Halafu nikaangalia kwa ncha. Alikuwa amefunga chambo bandia ya kijiko, ile ya chuma inazunguka ukiivuta, moja kwa moja kwa uzi, hakuna kitu katikati. Nikamwambia mzee wangu, uzi haina makosa, kilichokosekana hapa ni swivo.

Naandika hii kwa sababu sio yeye peke yake, watu wanaleta hii malalamiko karibu kila wiki na inaniuma, mtu anatupa uzi mzima mpya kwa kitu ya bob kumi.

Swivo ni kale kachuma kadogo kako na pete huku na pete huku, na kila pete inazunguka bila kusumbua ile ingine. Chambo ya kijiko ikivutwa majini inazunguka mara nyingi sana, na kama imefungwa moja kwa moja kila mzunguko unaingia kwa uzi na unabaki hapo, kesho unaongeza mingine, mpaka siku unarusha na uzi inatoka kwa rili imejifunga mafundo. Ukiweka swivo kama futi moja unusu kutoka kwa chambo, chambo inazunguka na kipande chake, uzi kubwa, yaani ile ya kwa rili, inatulia. Lakini si kila chambo. Zile za umbo la samaki zenye mdomo wa plastiki, zile zinazama ukivuta, usizifunge swivo kubwa puani, zitaacha kucheza na mbuta (sangara) hatazitaka. Hizo fungia kitanzi wazi ndio ziyumbe. Na kabla ununue swivo, shika pete mbili uzungushe na vidole hapo hapo dukani. Ikikwama rudisha, hata kama ni yangu.

Kuna njia ingine uzi inasokotwa na watu hawajui: samaki amevuta, rili inaachia uzi, na wewe bado unazungusha mkono kwa nguvu. Kwa hizi rili za kawaida za kukaa chini ya fimbo, unaongeza misokoto tu. Akivuta wacha avute, akipumzika ndio uzungushe.

Sasa wale wa kutegea chini na chambo ya kweli, hii ndio napenda kufungia watu. Chukua risasi, ile uzito ya kuzamisha uzi, yenye tundu katikati, pitisha uzi kubwa ndani yake, halafu pitisha ushanga mmoja, halafu funga swivo. Upande ule mwingine wa swivo funga kipande cha futi mbili na ndoano. Risasi inateleza juu ya uzi, haiwezi pita swivo, na ushanga unazuia risasi isigonge fundo. Samaki akichukua chambo anaenda na uzi bila kusikia uzito, kumbe angesikia angeitema. Zile risasi ndogo za kubana na zenyewe zinasaidia kwa ngege (sato), lakini tafadhali zibane na plaisi, sio na meno. Risasi ni sumu, na nimeona vijana wakiziuma kama njugu.

Fundo nalo. Watu wanavuta fundo kavu! Uzi ya nailoni ikijisugua inapata joto na inakuwa dhaifu hapo hapo. Pitisha kwa tundu ya ndoano, zungusha mara tano au sita, rudisha ncha kwa kitanzi kile cha chini halafu kwa kile kikubwa kimetokea, lowesha na mate, ndio uvute polepole mpaka mizunguko ilale kama springi. Baadaye angalia ncha ya uzi iliyokatika, ikiwa imejikunja kama mkia wa nguruwe fundo iliteleza, ikiwa imekwaruzwa ni mawe au ni samaki.

Na samaki wetu wanakata kweli. Mbuta hana meno ya kukata lakini kifuniko cha shavu lake kina ukali kama msumeno, ndio maana kipande cha mbele kiwe kinene kuliko uzi kubwa. Kamongo, yule samaki wa mapafu, ni story ingine, mdomo yake ni koleo, huyo wekea waya, na vidole zako ziweke mbali ukitoa ndoano.

Namba za ndoano pia zinachanganya watu. Namba 10 ni ndogo kuliko namba 6, hiyo ni ya ngege. Lakini zikifika zile za kuandikwa 1/0, 3/0, 5/0 zinageuka, namba ikipanda ndoano inakuwa kubwa, hizo ndizo za mbuta. Usije ukaniambia tu nipe kubwa, niambie unaenda kuvua nani na wapi. Na mbuta hajafika sentimita 50, mrudishe majini, ukikunja ile mwiba ya ndoano na plaisi anatoka bila kuumia sana.

Nikarudi kwa mzee. Nilimwambia asitupe ile uzi. Nilimkatia mita chache za mbele zilizokuwa zimeharibika, nikamwambia akiwa kwa boti, maji wazi mbali na magugu, atoe kila kitu kwa ncha, aachilie uzi tupu nyuma ya boti ivutwe polepole dakika kadhaa, misokoto itatoka yenyewe, halafu airudishe kwa rili akiibana na vidole. Jumamosi alipita tena dukani. Hakuleta uzi, alikuja kununua swivo sita na ushanga, akaniomba nimfungie moja akiangalia mikono, halafu ya pili akaifunga mwenyewe, akailowesha na mate bila kuambiwa. Wewe pia ukija na rili yako tutafunga pamoja hapo kwa kaunta, hiyo hatulipishi.