Mjakaranda wa Baba Usiguswe

Saint Paul, Minnesota
12 Oktoba 2024

Mama mpenzi, shikamoo.

Pesa nimetuma jana, shilingi 85,000, na nimezituma kwa simu yako, si kwa simu ya Kaka Mwakio. Atauliza kwa nini. Mpe barua hii aisome yote, hata pale patakapomchoma.

Habari ya yule mjenzi nimeipata kwa Shangazi Mkamburi. Kwa Shangazi, Mama! Kwamba mtu amekuja na michoro yake, akakaa verandani kwenye kiti cha Baba, akanywa chai, akasema tumpe kiwanja naye atatupa fleti nne katika jengo la orofa kumi na sita. Kwamba Kaka amekwisha kumwita mtu wa msumeno aupime mjakaranda. Mimi wiki hiyohiyo napigiwa simu, naambiwa paa linavuja, mvua za vuli ziko mlangoni, nisaidie. Nikasaidia. Sikuambiwa kwamba paa lenyewe linahesabiwa siku. Hilo limeniuma kuliko jambo lolote tangu mazishi ya Baba.

Kuvuja najua linavuja. Ile kona kati ya chumba chako na bafu imekuwa na sufuria yake tangu mvua za El Nino za 1997, na mvua za Aprili mwaka huu ziliujaza mji mzima maji, sembuse kona yetu. Lakini Kaka akisema paa limezeeka simkubalii. Vigae vile vilikuja kwa meli kutoka India, jina la Mangalore limechapwa tumboni mwake. Nilijifunza herufi kubwa kwa kuzifuata kwa kidole kwenye vile vilivyobaki nyuma ya kwota. Kigae cha udongo kikivuja mara nyingi ni kwa sababu kimehama. Tumbili wa Arboretum, ile bustani ya miti ya Nairobi, akipita mbio, au tawi likikigonga usiku wa upepo, kinateleza kidogo tu na maji yanapata njia. Fundi Ouma anajua kuvirudisha. Vilivyovunjika abadilishe, fito za mbao zilizooza abadilishe. Nyumba za aina yetu zimebomolewa Kilimani nzima, na wabomoaji wanauza vigae vyake. Atafute vya muhuri uleule. Mabati sitaki. Mabati Januari yatakuoka, na mvua ikinyesha hutasikia redio wala mtu akibisha mlango.

Na nyumba ile si ya kuhukumiwa kwa kona moja. Nikiwa kwenye basi huku huwa naizunguka akilini, chumba baada ya chumba. Mlango wa stoo unaovimba kila Aprili mpaka uusukume kwa nyonga. Vibao vya sakafu vinavyolia mbele ya chumba cha Baba, viwili tu, ndiyo maana hakuna aliyewahi kurudi usiku asijulikane. Madirisha ya chuma yenye vioo vidogo vidogo, kimoja cha rangi ya kijani kwa sababu mwaka ule Baba alikosa cheupe. Lile beseni la kuogea lenye miguu ya simba ambalo maji yake huanza na rangi ya kutu, unahesabu mpaka ishirini, yanakuwa meupe.

Na meko ya sebuleni. Kaka anakumbuka Julai ya 1989? Alitaka Baba akitoka kazini akute moto umewaka, naye hakujua nyuki wamehamia ndani ya dohani. Tulilala kwa Mama Njoroge siku mbili. Jirani akaleta dawa ya kuwaua, Baba akakataa, akaenda kumleta mzee mmoja kutoka Kitui aliyewatoa usiku kwa moshi, taratibu, bila kelele. Asali tulikula mpaka Krismasi. Watu wa fleti ya nane watawasimulia watoto wao nini? Kwamba lifti ilikwama?

Sasa miti. Mama, hapa naomba Kaka asome polepole.

Mjakaranda wa getini tuliukuta. Yule mama Mwingereza aliyemuuzia Baba mwaka 1976 aliacha mambo mawili tu ya maana, mti huo na ule ua wa kayaba ambao hata mbwa hajawahi kuupenya. Mingine yote ni mkono wa Baba. Kibobakasi alikipanda mwaka wa kwanza. Yale machipukizi yenye maji tulikuwa tukiyabinya tukirushiana mpaka sare za shule zikaingia madoa. Mlokwati wa upande wa jiko ni wangu, wa mwaka niliozaliwa. Na mparachichi ni wa Mwakio. Kitovu chake kimezikwa pale, wewe mwenyewe umetuambia mara ngapi. Kaka anamwita mtu wa msumeno kwenye kitovu chake?

Baba tumemlaza Wundanyi, na ndipo alipotaka. Lakini Nairobi amebaki wapi, kama si kwenye miti ile? Alikuwa akitupeleka Arboretum Jumapili baada ya kanisa, anatuonyesha shina baada ya shina, anatueleza kwamba mahali pale palianzishwa 1907 ili kujaribu miti ya kigeni inayokua haraka, ipatikane kuni za kuendeshea gari moshi. Yeye mtu wa reli, habari ile aliipenda sana. Akirudi nyumbani anazunguka miti yake na jembe dogo, bado amevaa tai.

Nimesikia hoja za Kaka. Kwamba mizizi imeingia kwenye bomba la maji machafu. Kweli, na dawa yake ni kuchimba pale, kukata mzizi ulioingia na kuweka bomba la plastiki lililofungwa vizuri kwenye maungio. Mizizi huingia palipo na ufa. Kwamba majani yanaziba mifereji ya paa. Yasafishwe kabla ya Novemba na kabla ya Machi, nimeweka pesa ya kijana wa kazi hiyo humohumo. Kwamba lile tawi linaloegemea paa litaanguka. Hilo nakubali kabisa, likatwe na mtu anayejua kupogoa, likatwe karibu na shina bila kuchuna gome, na kibali cha kaunti kiombwe kwanza. Tawi, Mama. Si mti.

Na kwamba mimi nilikwenda zangu, sijui kufagia. Aliniambia hivyo kwenye simu, na nililia. Ni kweli kwamba Oktoba hii ni wewe na Mkiwa mnaofagia maua ya zambarau ya mjakaranda asubuhi na jioni. Mimi ningetoa mshahara wa mwezi nifagie hiyo zambarau siku moja. Nisikie vile viua vinavyopasuka chini ya kandambili, ndege kwarara wanapita saa kumi na mbili asubuhi wakipiga kelele kama wamegombana na mji mzima, ndege chozi yuko kwenye kibobakasi, nawe unaniita chai.

Huku sijambo. Baridi inakuja, kazi ipo. Zamu za usiku nimeziacha, hilo tuliache.

Lakini nina habari ambayo nilitaka kukuambia uso kwa uso na sasa siwezi kuingoja. Nimenunua nyumba. Mimi, Mghoi, binti yako, kwa jina langu, bila mdhamini. Na tangu Juni mimi ndiye muuguzi mkuu wa zamu, watu kumi na wanne wako chini yangu, wengine wamenizidi miaka ishirini. Dalali alinionyesha nyumba mpya tatu, kuta nyeupe, bustani haina hata kijiti. Nikamwambia sitaki. Nilichukua ya mwaka 1924, ya mbao, ngazi zinalia, mlango wa jikoni unavimba wakati wa joto kama ule wa stoo yetu, na mbele ina miti miwili ya meipo, ile ambayo jani lake liko kwenye bendera ya Kanada. Siku niliposhika ufunguo nilikaa chini yake na koti la kazini. Hata jua la Agosti halikunifikia.

Mwezi huu majani yake yamekuwa mekundu na yanaanguka. Ninyi mnafagia zambarau, mimi nafagia nyekundu, mwezi uleule.

Jirani yangu bibi mmoja wa miaka themanini na kitu amenisimulia mtaa huu. Alipoolewa, barabara nzima ilifunikwa na miti ya elmi, matawi yakikutana juu kama paa la kanisa. Miaka ya sabini ukaja ugonjwa, ukungu unaobebwa na mbawakawa, miti ikakatwa mtaa baada ya mtaa. Wakapanda ashi mahali pake. Mwaka 2009 akaonekana mdudu mwingine hapahapa Saint Paul, wa kijani, asili yake Asia. Mabuu yake hula chini ya gome mpaka mti unakauka. Manispaa imekata maelfu. Upande wa pili wa mtaa wetu uko wazi, na bibi anasema sebule yake kiangazi haikaliki tena bila mashine ya kupoza hewa. Anaonyesha kwa fimbo kila mti uliposimama. Watu hawa miti yao imeuawa na wadudu na hawajamaliza kuililia. Yetu ni mizima!

Wakati wa kujenga ile barabara ya juu ya Nairobi, mkuyu wa Waiyaki Way uliokolewa mwaka 2020 kwa sababu watu walipiga kelele mpaka rais akaingilia. Wa kwetu haupo barabarani. Wa kuupigia kelele ni mimi na wewe.

Hati ya kiwanja ina jina la Baba, na mirathi haijakamilika. Bila sahihi yako na yangu hakuna mjenzi atakayechimba hata shimo la nguzo. Yangu hatapata. Sisemi hivi kumtisha Kaka, namheshimu, ndiye aliyenilipia karo ya mwaka wa pili Baba alipostaafishwa. Kama ana deni aniambie ni kiasi gani, nitalibeba naye. Nadhani analo. Mtu hauzi kitovu chake kwa sababu ya majani kwenye mfereji.

Basi hiyo 85,000 igawe hivi: Fundi Ouma kwanza, kisha bomba, kisha tawi. Itakayobaki nunua ile dawa yako ya magoti na usimwambie mtu.

Mwambie Kaka anipigie Jumapili saa moja jioni ya huko, huku itakuwa saa tano asubuhi, nitakuwa nimetoka kufagia. Akae verandani akinipigia, nisikie nyuma yake.

Wako,
Mghoi

Lokwati zikiiva, Shangazi asizimalize. Nikifika Desemba ya mwakani nataka mmea mmoja wa kokwa zake uwe umekwisha kuota, tuupande upande wa getini.