Kabla hujafungua kostiki

Ngamiani, Tanga

Shoga yangu Mwanaidi,

Salaam nyingi. Hiyo kostiki (kostiki soda, kemikali kali inayounguza) ya kutengenezea sabuni usiifungue kwanza, soma hapa.

Anza na chombo. Sufuria zetu za kawaida ni za aluminiamu, na kostiki inazila: inafoka, inatoa gesi inayoshika moto, mwisho sufuria inatoboka. Tumia ndoo ya plastiki ngumu, na mwiko ambao haurudi tena jikoni.

Vipimo: mafuta ya nazi gramu 300, mawese gramu 700, kostiki gramu 146, maji ya mvua gramu 330. Vyote kwa mizani, hata maji. Lita ya mafuta ya nazi haifiki kilo, ni gramu 920 hivi; ukipima kwa chupa, kostiki itazidi na sabuni itachubua ngozi. Hapo nimeshaacha asilimia 5 ya mafuta yasiliwe na kostiki, yaani yasigeuke sabuni, kwa makusudi. Kostiki nayo iwe kavu. Kwa unyevu huu wa pwani, mfuko ukikaa wazi chenga zinanyonya maji, nawe unapima maji ukidhani ni kostiki.

Vaa glavu, miwani na nguo ya mikono mirefu, fanyia uani, watoto wasisogee. Mimina kostiki kwenye maji kidogo kidogo huku unakoroga. Usimwage maji juu ya kostiki, yatakurukia usoni. Yatapata moto sana. Mvuke wake usiuvute. Yakishakuwa vuguvugu, yatie kwenye mafuta yaliyoyeyuka, ukoroge mpaka yawe kama uji: ukidondosha tone juu, alama yake inabaki. Kwa mkono yaweza kuchukua saa nzima. Ukikata tamaa mapema, mafuta yanaelea na maji ya kostiki yanajikusanya chini.

Kostiki ikikugusa, osha kwa maji mengi yanayotiririka, dakika 15 au zaidi. Ikiingia jichoni, osha hivyo hivyo kisha hospitali. Habari ya kupaka siki achana nayo, inaongeza joto kwenye kidonda.

Uji huo ukishaumimina kwenye chombo cha plastiki ukaganda, kata sabuni baada ya siku moja au mbili, glavu mkononi, uanike kivulini wiki 4 hadi 6. Kipande chenye vidimbwi vya maji ndani usikiogee. Na wanaokwambia uijaribu sabuni kwa kuionja kwa ulimi, waonje wao.

Mawese ukiyakosa, niambie kwanza. Kilo ya nazi inakula kostiki gramu 183, ya mawese 141, kwa hiyo huwezi kubadilisha mafuta ukaacha kostiki ile ile.

Wasalaam,
Shoga yako Zuhura