Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2023

Wamama na wababa, ndugu wanachama wa Bukavu na wa Idjwi,

Hesabu za michango mtasomewa na mtunza sanduku. Mimi nitazungumzia jambo moja lililokula mikutano ya mwaka mzima: alama ya kuonyesha samaki aliyevuliwa vizuri.

Wengi mliuliza kwa nini sambaza, samaki wetu wadogo wa ziwa Kivu, wasipate ile alama ya buluu ya MSC, shirika la kimataifa la kuthibitisha uvuvi usiomaliza samaki, inayobandikwa samaki Ulaya. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1997 na WWF pamoja na kampuni ya Unilever. Hudai mambo matatu: samaki wabaki wa kutosha majini, viumbe wengine wasiangamizwe, na uvuvi uwe na usimamizi wa kweli. Maji baridi hayakatazwi. Wavuvi wa ziwa Hjälmaren, Uswidi, waliipata mwaka 2006. Kinachotushinda ni malipo ya wakaguzi na hesabu ya samaki wa ziwa zima, na ziwa hili ni la nchi mbili, Kongo yetu na Rwanda. Wenzetu wa Rwanda hufunga uvuvi kwa muda kila mwaka ili sambaza wazaane. Sambaza hana jeton ya kuvukia mpaka: tukivua makinda huku, tumekula akiba ya wote. Tena mteja wetu yuko kwenye masoko ya hapa Bukavu, Nyawera na Kadutu. Hataongeza hata franka kwa ajili ya karatasi ya Ulaya.

Ndiyo maana komite ikaandika kanuni zetu wenyewe, za alama yetu wenyewe: utepe wa kufunga beseni la samaki. Kupiga marufuku nyavu za chandarua hakukuchukua muda, kila mtu ameona zinachokokota ufukoni.

Ugomvi ulikuwa juu ya fisi maji, yule mnyama wa ziwani anayekula samaki. Baadhi ya wababa walisema ni mwizi, anapasua nyavu, apigwe tu. Niliwakumbusha habari ya jodari wa Pasifiki. Meli zilikuwa zikizungusha nyavu juu ya pomboo ili kuwanasa jodari wanaoogelea chini yao, na pomboo wakafa kwa wingi mno. Wanunuzi wa Marekani walipokasirika, kampuni kubwa za makopo ziliacha kununua samaki wa namna hiyo mwaka 1990, na sheria ikaweka masharti ya alama ya kulinda pomboo. Waliobadilisha uvuvi ule ni watu wa sokoni. Basi tumekubaliana: fisi maji akinaswa aachiliwe, na atakayeleta wavu uliopasuka atasaidiwa uzi kutoka sandukuni. Najua wengine mlinyoosha mkono mkinung'unika.

Kanuni niliyoipigania zaidi ni ya kunyang'anya alama. Desemba 2022, MSC ilisimamisha cheti cha kambakoche wa Maine, Marekani, baada ya mahakama kukuta kwamba kanuni za serikali hazikidhi sheria za kulinda nyangumi adimu wa Atlantiki Kaskazini, ambao hunaswa kwenye kamba za mitego. Wavuvi walilalamika sana, wakasema hakuna nyangumi aliyethibitishwa kufa kwa kamba zao. Nawaelewa. Lakini cheti kisichoweza kuondolewa ni pambo la ukutani, na mimi sitatia sahihi kwenye pambo.

Kwa hiyo beseni litakalofungwa utepe wetu litakaguliwa na wamama wauzaji, si na wavuvi wala na komite. Wao ndio wanaopokea sambaza alfajiri, mkono wao ndio wa kwanza kugusa makinda. Mvuvi akikutwa na makinda, utepe unaondoka hadi kikao kinachofuata, hata akiwa mwenyekiti. Baba mmoja aliniuliza kama wamama hawatapendelea waume zao. Swali zuri: mkaguzi hatagusa beseni la nyumbani kwake.

Kuhusu Idjwi bado hatujaelewana. Wenzetu wa kisiwani wanasema utepe utawafaidia walio karibu na soko tu, na sijapata jibu la kuwaridhisha. Komite inapendekeza wachague wakaguzi wao kwenye ufuko wao, sambaza wafike Bukavu tayari wamefungwa utepe. Hilo mtalipigia kura leo, kabla ya uchaguzi wa wakaguzi wa mjini. Wanaotaka kugombea wamwone sekretere sasa hivi.