Mbwa naye aje likizo, ila tuambiwe mapema

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nimjibu msomaji wa Dar es Salaam aliyelalamika kwamba alipiga simu Arusha na Moshi nzima akitafuta nyumba ya mapumziko ya kumpokea yeye, mkewe, watoto na mbwa wao, akaambulia patupu. Wenye nyumba akatuita watu wa roho mbaya. Mimi ni mmoja wao. Ninazo mbili, Marangu, ndani ya kihamba alichoniachia baba, katikati ya migomba na kahawa. Wakati wa ujenzi mafundi walikuwa wakiziita nyumba ndogo, mpaka mke wangu alipopiga marufuku, na sababu kila mtu anaijua. Sasa tunasema koteji.

Mbwa nawapokea. Nimelitanguliza hilo kwa sababu ninayotaka kusimulia yanaweza kumfanya mtu adhani nawachukia.

Desemba iliyopita, tarehe 27 jioni, ilifika familia kutoka Dar. Baba, mama na watoto watatu, wamelipia siku nne. Mlango wa nyuma wa gari ulipofunguliwa, juu ya mabegi na kreti la soda akaruka mbwa mkubwa wa Kijerumani, masikio wima, ulimi nje kama soli ya kiatu iliyobanduka. Zaidi ya kilomita 500 alikuwa amejikunja humo, na joto la Korogwe mpaka Same aliyepita anali­jua. Habari ya mbwa hawakuwa wameigusa hata siku moja kwenye simu. Baadaye yule baba aliniambia bila kuficha: "Mzee, tungesema, mngetukatalia." Jina la mbwa lilikuwa Simba, kama mbwa wengine wote wa nchi hii.

Jirani yangu, mzee aliyekwishavuka miaka 80, alisimama kwenye ua wa masale akatazama mbwa anavyoteremshiwa godoro lake. Akaniuliza, "Na huyu naye amepewa likizo?" Kwetu mbwa ni mlinzi. Mchana yuko kwenye mnyororo, usiku anafunguliwa, na mapumziko yake anayapata akifa. Sikumjibu mzee, nilikuwa nahangaika kutafuta chombo cha kumpa Simba maji.

Na hapo kwenye chombo ndipo nilipoanza kujifunza. Usiku ule wageni walichoma nyama, wakamwekea Simba vipande vya maini kwenye sahani yetu moja, ile yenye maua ya bluu. Asubuhi dada anayetusaidia usafi, Mpare wa Usangi na Mwislamu, aliikuta barazani imelambwa mpaka inang'aa. Hakusema neno. Nilimwona bombani anaifikicha kwa udongo, anaisuuza, anaisuuza tena, nikajikuta nahesabu mpaka saba. Mate ya mbwa kwao ni najisi na huko ndiko kuitoharisha sahani, yaani kuisafisha kidini. Mimi Mlutheri, sabuni ingenitosha. Lakini sahani ile hutumiwa na kila mgeni anayekuja, na Mwislamu atakayelala hapa wiki ijayo hatakuwa na njia ya kujua kama iliosh­wa mara saba au iliguswa tu na maji. Mchana huo nilituma mtu Marangu Mtoni akaniletea sufuria ya alumini. Nikaitoboa ukingoni, nikaifunga utepe mwekundu. Inaning'inia nje kwenye msumari na haivuki kizingiti cha jikoni.

Kosa la siku ya pili ni langu. Waliniaga kwamba wanapanda kwenye geti la Hifadhi ya Kilimanjaro, watembee mpaka Mandara, kituo cha kwanza cha wapanda mlima, na kurudi. Nikawatakia safari njema, huku namwona Simba anaingia garini. Mhariri, mimi nimeendesha watalii miaka 22 nikitokea Arusha. Nilijua kabisa kwamba mnyama wa kufugwa haingii Hifadhi ya Taifa, iwe Kilimanjaro, Arusha au Serengeti, na mdomo wangu haukufunguka. Saa moja baadaye walikuwa wamerudi, watoto wananuna, baba amefura. Akasema mbwa wake ni msafi kuliko nyani wote wa msitu ule.

Inawezekana. Lakini mwaka 1994 nilikuwa Serengeti na wageni wanne ndani ya Land Rover nilipoona simba jike akitetemeka uso, misuli ya shavu inarukaruka, anainuka anaanguka, anainuka tena. Wageni walidhani anaota. Kumbe ulikuwa ugonjwa wa virusi uitwao distempa, ambao ni wa mbwa, na wataalamu waliufuatilia mpaka kwa mbwa wa vijiji vinavyopakana na hifadhi. Ndani ya muda mfupi karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti walikuwa wamekufa. Ndiyo maana miaka iliyofuata mbwa wa vijiji vile wakaanza kuchanjwa. Nilimsimulia yule baba haya yote tukiwa tumesimama pale pale penye gari. Alinyamaza, akasema, "Ungeniambia asubuhi." Kweli, ningemwambia asubuhi.

Basi wakamfungia Simba ndani ya koteji wakapanda tena peke yao. Walioshika njia ile wanajua, kwenda Mandara na kurudi ni siku nzima kwa mtu mwenye watoto. Wameondoka saa tano, wamerudi saa kumi na mbili kasoro.

Nusu saa ya kwanza alibweka. Halafu akaanza kulia, ile sauti nyembamba ya mbwa ambayo hata ukiwa shambani mwisho kabisa unaisikia. Ufunguo wa akiba ninao, lakini nani aende kufungua mlango kwa mbwa mkubwa wa watu asiyemjua? Nilipitisha maji dirishani, akayamwaga. Mlango ni wa mninga. Mpaka leo chini ya kitasa kuna mistari ya kucha, minne minne, mahali pengine mbao imechimbika ncha ya kidole inazama. Upande wa pili wa masale ndipo lilipo banda la ng'ombe wa yule mzee, ng'ombe wa kukatiwa majani, hajawahi kusikia kelele kubwa kuliko redio. Jioni ile alitoa lita mbili badala ya tano. Ng'ombe akiwa na hofu huzuia maziwa, mfugaji yeyote atakwambia. Asubuhi yake nilikata jani la sale nikampelekea mzee mkononi, kama tunavyoombana radhi hapa Uchagani. Alilipokea. Akasema jani amelipokea, lita tatu bado.

Sasa walipofungua mlango, Simba alipita kati ya miguu ya watoto, akavuka mfereji, akatokea njiani saa ile ile ambayo mbwa wa kijiji wanafunguliwa minyororo. Walikuwa watatu. Sitasimulia ugomvi wa mbwa. Mjukuu wa mzee, mtoto wa miaka 11, aliingia katikati kumvuta mbwa wao kwa kamba ya shingo, na Simba akamuuma nyama ya nyuma ya mguu. Nilikuwa hatua kumi, nimeona kwa macho yangu.

Tulimkalisha bombani. Sabuni ya mche, maji yanayotiririka, dakika 15 kwa saa ya mkononi, kama inavyohimizwa kila mwaka tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Dakika kumi za kwanza alilia. Tano za mwisho alikuwa anauliza kama Simba naye ameumia. Tulipofika hospitali swali la kwanza la muuguzi lilikuwa: mbwa amechanjwa? Baba wa familia akajibu, "Nadhani."

Sijawahi kuona neno dogo likikaa vibaya kiasi kile. Kadi ya chanjo ilikuwa Dar, kwenye droo fulani. Chanjo ya mwisho ilikuwa mwaka jana au mwaka juzi, mke anasema hivi, mume vile. Muuguzi hakubishana nao. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, kupona ni kama hakupo, kwa hiyo hakuna kusubiri. Mtoto alichomwa sindano ya kwanza usiku ule ule na tarehe za nyingine zikaandikwa. Tukaambiwa tumwangalie mbwa siku kumi. Akizimaliza akiwa mzima, basi siku aliyouma mate yake hayakuwa na kichaa.

Siku kumi, na wao likizo yao ilibakiza tatu. Tarehe 31 waliondoka na Simba nyuma ya gari. Kuanzia hapo, kila siku saa moja asubuhi nilipiga simu Dar kuulizia afya ya mbwa. Dada yangu mgonjwa yuko Tanga na sijawahi kumpigia hivyo. "Simba ameamkaje?" "Amekula, Mzee." "Anakunywa maji?" "Anakunywa." Kisha natoka mpaka kwenye masale, mama wa mtoto yuko pale anasubiri, hata salamu hatutoi, namwambia amekula. Siku ya saba simu haikupokelewa. Nikapiga tena, kimya. Mke wangu aliunguza maharage, mimi nilifika uani mara sijui ngapi. Saa sita mchana yule baba akapiga mwenyewe, kumbe simu ilizima chaji.

Wenzangu wenye koteji, tulipokutana Januari, waliniambia dawa ni moja: bandika tangazo, mbwa marufuku. Nawaheshimu, lakini hapo tunatofautiana. Yule bwana alikuja na marufuku tayari kichwani, ndiyo maana mbwa alisafiri kwa siri juu ya mabegi, na mbwa wa siri hasafiri na kadi. Mwenye mbwa asiye na wa kumwachia nyumbani hataacha kwenda kuona mlima. Atakuja naye, atamshusha usiku. Mimi siku hizi mgeni akipiga simu nauliza watu wangapi na mbwa wangapi, kwa pumzi moja. Akisema yupo, anitumie picha ya kadi kwenye simu, chanjo isizidi mwaka mmoja. Namwambia hapo hapo kwamba hifadhini haingii, kwa hiyo wapange nani atabaki naye, kwa sababu peke yake ndani hakai hata dakika kumi. Jioni ni kamba. Nje ya hayo alale hata kitandani, shuka ni za kufua. Ada ya mbwa ni shilingi 10,000 kwa siku na hakuna aliyenung'unika.

Tusimbebeshe mgeni peke yake, hata hivyo. Wale mbwa watatu wa njiani hakuna hata mmoja aliyekuwa na chanjo. Nilimwita bwana mifugo, tukapita nyumba kwa nyumba upande huu wa mfereji, wakachanjwa mbwa 14, mmoja akiwa amefungiwa chooni kwa sababu mwenyewe alidhani tunakuja kumkamata. Gharama nililipa mimi. Wenzangu wa Marangu, Machame na kule Usa River mnaopokea familia wakati wa likizo, mkigawana gharama hiyo hamtaihisi.

Tarehe 7 Januari ilikuwa siku ya kumi. Mtoto alikuwa ameniomba nisiishie kwenye maneno, nidai picha, na picha iwe na ushahidi. Ilifika saa mbili asubuhi: Simba amekaa kibarazani, mdomo una unga wa ugali, na kati ya miguu yake ya mbele wamemwekea gazeti lako, Mhariri, la siku ile, tarehe inasomeka. Hospitali wakasema sindano zilizobaki hazihitajiki tena.

Wamelipia siku tano mwezi Juni. Kadi imeshanifikia, safari hii wao ndio walioitanguliza kabla ya pesa. Mlango sijauranda bado.

Jina limehifadhiwa,
Marangu, Moshi.